UZI: Tubadilishane vifaa vya baiskeli mali kwa mali, Mombasa. Leteni vilivyolala nyumbani

MwendaAlfajiri (Kizingo)

Assalaam aleikum na habari zenu nyote, wa kisiwani, wa Nyali na Kisauni, wa Changamwe na Mikindani, na ndugu zetu wa ng'ambo Likoni.

Juzi nilikuwa natafuta spana ya 15 chini ya ngazi, nikavuta katoni ambayo sijaifungua tangu tuhamie nyumba hii. Ndani nikakuta raba za breki za mamba (ile baiskeli nzito ya kazi) jozi 3, zile za breki za vyuma, nilizomnunulia marehemu baba enzi anaendesha. Humo mna keria, kiti, tairi 2, pampu ya mkono, na madigadi ya nyuma isiyo na mwenzake wa mbele. Vitu vizima kabisa. Vilinunuliwa kwa pesa, vikasahauliwa.

Siku hiyo hiyo alasiri akaja kijana anayetuletea mikate. Huwa anatoka nayo Kisauni, kreti imefungwa nyuma kwa blada (mkanda wa mpira wa tyubu), kwenye mamba kuukuu. Nikamwona anasimama kwa kukokota kandambili chini. Raba zake zilikwisha zamani, kilichobaki ni chuma kinachosaga rimu. "Breki yanipigia kelele tu, ami, haishiki. Nikishuka daraja la Nyali naomba Mungu." Tulizivalisha zile raba za baba hapo hapo kibarazani, haikufika nusu saa. Miezi 2 mtu anateremka na mikate ya watu bila breki, na mimi nimezilalia raba zake chini ya ngazi yangu. Usiku ule sikulala vizuri.

Nimeuliza marafiki 6 ninaoendesha nao asubuhi, na kila mmoja ana katoni lake. Mmoja ana gurudumu zima limetundikwa ukutani tangu abadilishe baiskeli. Mwengine ana baiskeli 2 za watoto ambao sasa wako sekondari.

Na huku kwetu kitu hakilali salama. Anayeishi bara anaweza kuweka fremu stoo miaka 10 akaikuta vile vile. Sisi tuna hewa ya bahari. Nilikuwa na fremu nzuri ya chuma, nguzo ya kiti ni ya aluminiamu. Sikuitoa nguzo ile miaka 4. Metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu wa chumvi, aluminiamu hulika, na ule unga wake mweupe hufura ndani ya bomba mpaka nguzo ishikamane na fremu. Tulijaribu mafuta, tukajaribu maji moto, tukaifunga kwenye jiliwa. Mwisho tuliikata kwa msumeno na bomba likapasuka. Fremu ile ingekuwa chini ya mtu anayeiendesha kila siku, ingekuwa hai leo.

Kwa hivyo naomba tuitane siku moja, tulete vilivyolala, tubadilishane. Mali kwa mali, pesa isitoke mfukoni. Nafikiria Jumapili moja ya Agosti: shule zimefungwa kwa hivyo watoto watakuja, na jua la wakati wa upepo wa kusi si la kuchoma kama la Februari. Tuanze saa 1 asubuhi, saa 4 tuwe tumemaliza. Mahali, nahitaji mawazo yenu. Nataka penye kivuli, maji ya bomba, na sakafu ngumu ya kusimamisha baiskeli.

Kanuni moja sitaki tuiguse: kasoro husemwa kabla ya sifa. Ukishika kitu chako mkononi, neno la kwanza liwe ubaya wake. "Hii tairi ina ufa ubavuni." "Hii pedali ina mchezo." Ukishasema hilo, kisifie utakavyo.

Chumvini (Nyali)

Niandike wa kwanza. Nina tairi 4, tyubu, na kiti cha mtoto cha kufunga nyuma.

Lakini ami, tahadhari na tairi. Mwaka juzi nilibadilishana na mtu "28 kwa 28". Nikafika nyumbani, lake haliingii kwenye rimu hata ulivute vipi. Yeye naye langu likamvaa kama kanzu ya mtu mwengine. Tuligombana bure na sote tulikuwa wakweli, maana yote mawili yameandikwa 28, yaani inchi.

SpokuTatu (Ganjoni)

@Chumvini hilo ni tatizo la tairi za dunia nzima, si lako na mwenzako. Inchi zinadanganya. Sahauni inchi.

Geuza tairi, soma ubavuni, tafuta tarakimu zenye kistari kati, mfano 40-635 au 37-622. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ndiyo yenye neno: ni kipenyo cha pale tairi linapokalia rimu. Ile ya pili ikilingana, tairi litaingia. Isipolingana, usipoteze nguvu zako.

Mamba ya kawaida, ile ya 28 kwa 1 na nusu, ni 635. Baiskeli ya mbio inayoitwa 700C ni 622, na wengi huiita 28 pia. Tofauti ni milimita 13, ndizo zilizowagombanisha. Kisha watu hushangaa nikiwaambia kwamba ile kubwa ya milimani inayoitwa 29 nayo ni 622, rimu ni ile ile ya 700C, kilichoongezeka ni unene wa tairi. Ya milimani ya zamani, 26, ni 559. Lakini kuna 26 nyingine, zile za kina mama za mtumba zenye tairi jembamba la 26 kwa 1 na 3/8, hiyo ni 590 na haitakubali tairi la 559 hata kidogo. 27.5 ni 584. Za watoto: 24 ni 507, 20 nene ni 406, 16 ni 305.

Tyubu ina huruma kidogo kwa sababu hunyumbuka, ya 26 huweza kukaa kwenye 27.5 ukiwa na shida. Angalieni valvu tu. Rimu iliyotobolewa kwa valvu nyembamba ina tundu la milimita 6.5, na valvu nene kama ya gari yataka 8.5. Nyembamba itapita kwenye tundu kubwa ukiiwekea pete, nene haitapita kwenye dogo.

Nitakuja na chaki. Kila tairi litakaloingia nitaliandika ile namba ya pili kwa herufi kubwa, watu wachague kwa macho.

FundiMwarobaini (Bombolulu)

Salaam. Mimi ni fundi wa baiskeli, miaka 22 nakaa chini ya mwarobaini mmoja. Nimesoma uzi wote na nina maneno mawili, msinichukulie vibaya.

La kwanza. Mimi nala kwa raba za breki na tyubu. Mtu akipata raba bure kwenu, hazinunui kwangu. Halafu akishapata kitu kibovu huko, ataniletea mimi nikitengeneze, na kikiharibika atasema fundi ndiye hajui.

La pili ndilo linaloniuma zaidi. Mwasema mali kwa mali. Mwenye baiskeli 3 atabadilishana na mwenye baiskeli 3. Wote mna katoni chini ya ngazi. Wateja wangu mimi ni wauza madafu, wauza maji, watu wa mikate, walinzi wanaorudi na baiskeli saa 12 asubuhi. Wana mamba moja, na kila kilicho juu yake kinatumika. Watakuja na nini? Ami, yule kijana wako wa mikate ulimpa raba kwa sababu ulikuwa na huruma. Kwa kanuni yako hii ya mali kwa mali angeondoka na kandambili yake.

MwendaAlfajiri (Kizingo)

Fundi wangu, nimeyasoma maneno yako mara tatu. La pili limenishika pabaya, kwa sababu ni kweli. Nilikuwa nimepanga siku ya watu kama mimi na sikuliona hilo.

Nimekaa na SpokuTatu jana baada ya magharibi tukalifikiria, na hili ndilo tumelipata. Mtupe mawazo.

Hata baina yetu wenyewe, kubadilishana ana kwa ana kungekwama. Mimi nina tairi nataka breki, mwenye breki ataka keria, mwenye keria hana haja na chochote changu. Kwa hivyo tutumie vizibo vya soda. Ukifika, kitu chako kinakaguliwa mezani, unapewa vizibo kulingana nacho: tyubu nzima, kengele au waya wa breki ni 1, tairi, kiti au pedali jozi ni 2, keria 3, gurudumu zima 5, fremu 8. Kisha unazunguka unachukua unachotaka kwa vizibo vyako, kutoka kwa yeyote.

Na kila anayeingia na baiskeli moja anayoifanyia kazi anapewa vizibo 4 mlangoni, hata akija mikono mitupu. Wala si sadaka. Sisi wenye makatoni ndio tuliovizuia vitu hivi visitembee.

Kuhusu riziki yako: kubadilishana kuwe bila pesa, lakini kuvalisha kuwe kwa pesa, na wewe ndiye uwe mvalishaji. Anayepata raba hapa, akitaka zifungwe vizuri, anakulipa ujira wako wa kawaida. Zaidi ya hapo, meza ya ukaguzi ikae chini ya mkono wako. Ukisema kitu hakifai, hakifai, na hakuna wa kukata rufaa. Kazi hiyo ya meza tutakulipa sisi waandaaji kwa kuchanga.

FundiMwarobaini (Bombolulu)

Sasa twaongea.

Basi fanyeni pale kwangu. Nyuma ya mwarobaini kuna kiwanja cha jirani, sakafu ya saruji, bomba liko, nimeshamuomba amekubali. Watu wangu wanapajua, na mtu wa madafu haogopi kuingia mahali anapopajua. Mkifanya Kizingo kwenye viwanja vya watu wakubwa, hawatakuja.

Masharti yangu mezani. Cheni: napima kwa rula. Pini ya kwanza kwenye sifuri, cheni mpya pini yake ya ishirini na tano hukaa sawasawa kwenye inchi 12. Ikipita kwa 1/16 imechoka, ikipita kwa 1/8 imekufa na itakula meno ya friwili, ile gia ya gurudumu la nyuma, ya mtu. Iliyokufa haiingii, hata ing'ae vipi. Na msiniletee cheni iliyolowekwa mafuta ya taa jana ili ipendeze, rula haitazami uso.

Pedali zije jozi, nione L na R. Ya kushoto ina nyuzi za kinyume, na kila mwezi napokea mkono wa kranki, ule unaoshika pedali, ulioharibiwa na mtu aliyelazimisha. Kumbukeni hivi: pande zote mbili, kufunga ni kuelekea mbele ya baiskeli, kufungua ni kuelekea nyuma.

Breki za diski za mafuta, semeni ni mafuta gani. Za Shimano hutumia mafuta ya madini, nyengine hutumia DOT kama ya breki za gari. Ukichanganya, mipira ya ndani hufura na breki inakufa mtu yuko njiani. Asiyejua mafuta yake, breki yake nailaza kando.

Tyubu zilizokwisha viraka mniletee pia. Hizo hazina kizibo, lakini nitazikata blada.

MamaWatatu (Tudor)

Mimi nina wanangu watatu, wa kwanza miaka 11. Nina baiskeli ya inchi 16 ambayo wote wameipitia na sasa hakuna wa kuipanda, nataka ya 24 kwa mkubwa. Naomba watoto wapewe saa yao ya kwanza, saa 1 mpaka saa 2, kabla ya wakubwa kufungua vizibo. Mtoto akisubiri saa tatu atakuwa amechoka na kilichomfaa kimechukuliwa.

Ombi la pili, na kina dada watanielewa. Nikivaa buibui nahitaji kifuniko cha cheni kizima na wavu wa pembeni ya gurudumu la nyuma. Kwenye baiskeli za mtumba vitu hivi ndivyo vya kwanza kung'olewa na kutupwa kwa sababu wanaume hawavitaki. Msivitupe. Vileteni. Buibui ikiingia kwenye cheni unaanguka barabarani, nimeanguka barabara ya Tom Mboya na ninajua ninachosema.

Na helmeti zitakuwepo? Wangu hawana hata moja.

Chumvini (Nyali)

Helmeti ninazo 2 za watoto, dada. Safi kabisa.

SpokuTatu (Ganjoni)

Hapa nitapinga, na naomba ami asimame nami. Helmeti zisibadilishwe.

Kinachokinga kichwa ni ule ukuta wa povu jeupe wa ndani. Umeundwa ubonyee mara moja, umeze nguvu ya pigo badala ya fuvu. Ukishabonyea haurudi, na mara nyingi ganda la juu halionyeshi kitu. Helmeti iliyoanguka na isiyoanguka zaweza kufanana kama mapacha. Fundi anaweza kupima cheni kwa rula, lakini helmeti hana cha kuipimia. Ile kanuni ya kusema kasoro kwanza haifai hapa, kwa sababu mwenye nayo huenda mwenyewe haijui kasoro. Mtoto aliiangusha ngazini, hakusema.

MamaWatatu (Tudor)

Ndugu yangu, nakuelewa. Lakini wangu sasa wanaendesha bila chochote kichwani. Helmeti ya Chumvini si bora kuliko upara?

Chumvini (Nyali)

Zangu nazijua tangu dukani. Wanangu walizivaa mara chache kwenye zile njia za msituni Bamburi, hazijaanguka. Ndani kuna karatasi ya mwaka wa kutengenezwa na alama ya EN 1078. Nikimpa dada huyu ana kwa ana nikamweleza historia yake, kuna ubaya gani?

MwendaAlfajiri (Kizingo)

Wote mna haki, na nimeamua hivi. Mezani helmeti hazipiti, hazina kizibo, maana kikishapita mezani kitu hakina tena mwenyewe wa kukisimulia. Lakini mtu na mtu wanaojuana, mmoja akampa mwenziwe akiwa anaijua tangu siku ya kwanza, hilo liwe baina yao. Chumvini, mpe dada bila vizibo. Dada, ukizipata bonyeza povu kote kwa kidole gumba, tafuta ufa, vuta mikanda kwa nguvu, na ukiona chochote usizitumie. Siku ukijaliwa, nunua mpya.

Saa ya watoto, imekubaliwa. Vifuniko vya cheni na nyavu nimevipa vizibo 3 ili watu wasione uvivu kuvileta.

Kivukoni (Likoni)

Sisi wa ng'ambo mwatusahau kila siku. Kuvuka na baiskeli kwenye feri Jumapili asubuhi hakuna shida, lakini kuvuka na gunia la vyuma begani ndani ya ule umati ni adhabu. Nitakusanya vitu vya watu wa huku Ijumaa, rafiki yangu mwenye tuktuk atavusha vyote mara moja. Kila mtu aandike jina na kasoro kwa karatasi, afunge kwa uzi. Nitavisomea kasoro zao mezani kama wenyewe.

Tononoka2

Salaam. Sijaandika humu kwa muda, lakini hili lanihusu. Baiskeli yangu iliibwa mlangoni mwa msikiti wakati wa isha. Miezi 5 baadaye niliiona fremu yake imepakwa rangi nyengine, chini ya mtu ambaye aliinunua bila kujua. Nilikuwa na risiti na nilikuwa na namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, ya siku ile, ndiyo iliyoniokoa. Yule bwana alilia. Alikuwa ametoa akiba yake.

Siku yenu hii ni nzuri, na kwa sababu ni nzuri wezi wataipenda. Fremu haina risiti, haina pesa, inabadilishwa kwa vizibo. Naomba fremu yoyote ipinduliwe. Namba yake mara nyingi imegongwa chini, pale mkono wa kranki unapopita. Iandikwe kwenye daftari pamoja na jina la aliyeileta na picha. Namba ikiwa imesagwa kwa tupa, isiingie. Watu wajue pia kwamba kupokea mali ya wizi ukiwa na sababu ya kujua ni ya wizi kumo kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 322, na kifungo chake chaweza kufika miaka 14. Hakuna fremu yenye thamani hiyo.

MwendaAlfajiri (Kizingo)

Ndugu Tononoka2, pole sana. Daftari litakuwa mkononi mwako siku hiyo ukikubali. Hakuna atakayelishika kwa uchungu kuliko wewe.

Tononoka2

Nimekubali.

MwendaAlfajiri (Kizingo)

Jamani, siku yetu imepita. Naandika nikiwa bado na grisi kucha.

Watoto walikuja wengi kuliko tulivyotarajia, saa 1 kamili walikuwa wamejaa kiwanjani na kina mama wamekaa ukutani. Mwana wa MamaWatatu alipata ile ya 24, breki ya mbele ilikuwa haina waya. Fundi akamketisha chini, akampa waya na spana, akamfanya aifunge mwenyewe. Ilichukua muda mrefu na foleni ikanung'unika. Fundi hakumnyang'anya spana. Nilipenda sana kuliona lile.

Kanuni ya kasoro ilifanya kazi kuliko nilivyoiamini. Mwanzo watu waliona haya. Bwana mmoja alikuja na gurudumu linalong'aa, akasita, halafu akasema, "Habu yake hapa katikati inalia, nadhani gololi zimeingia maji ya bahari, nilipita nayo ufukweni Shanzu." Fundi akalifungua palepale, kweli gololi zimeota mabaka. Zikabadilishwa, grisi mpya, gurudumu likaingia kwa vizibo 5 vyake kamili. Baada ya hapo kila mtu akawa anasema ya kwake kwa sauti. Kuna mzee alileta taa ya dainamo akataja kasoro 4 mfululizo, na bado ikachukuliwa kwa furaha.

Fremu 3 zilikataliwa. Mbili hazikuwa na namba wala maelezo. Ya tatu, nguzo ya kiti imeshikana kama ile yangu. Mwenye nayo alikuwa na huzuni, nikakaa naye. Wapendwa, fungueni nguzo zenu, hata leo usiku. Itoeni, ifuteni, pakeni grisi, rudisheni. Ukipita ufukweni, suuza baiskeli kwa maji matamu siku hiyo hiyo.

Sasa yaliyokwenda kombo. Vizibo vya mlangoni vilizidi vitu. Saa 4 kulikuwa na watu, wengi wao wenye mamba, wameshika vizibo na mezani hakuna kilichowafaa. Tulikuwa na tairi za 559 mpaka za kupangwa ukutani, na za 635 hata moja. Makatoni yetu yamejaa vitu vya baiskeli za matembezi. Watu wa kazi wanatumia vifaa mpaka mwisho, kwa hivyo vya kwao havilali popote. Fundi alilisema hili tangu mwanzo na hata kwa vizibo hatukulimaliza. Vizibo hivyo nimewaambia wavitunze, vina deni letu juu yake, na sitafuta deni hilo kwa maneno. Kama mna njia, iandikeni hapa.

FundiMwarobaini (Bombolulu)

Nilivalisha breki 17 na waya sijui ngapi, na nililipwa zote. Jumatatu wamekuja watu wapya 3 niliokuwa siwajui, wamenipata Jumapili.

Njia ya deni ni hii. Nyinyi wenye 559 za ziada nileteeni. Kuna vijana wa baiskeli za milimani huku Kisauni wanaozitafuta kila siku, na hao hununua. Nitaziuza kwa bei ya mtumba, kila shilingi inaingia kwenye tairi mpya za 635 na tyubu zake. Daftari alishike Tononoka2, mimi sitaki kushika pesa na bidhaa kwa pamoja. Tairi zikifika, mwenye kizibo aje achukue.

SpokuTatu (Ganjoni)

Naunga mkono. Nina 559 mbili, naleta kesho nikitoka kazini.

Chumvini (Nyali)

Mbili zangu pia. Na dada MamaWatatu, vipi helmeti?

MamaWatatu (Tudor)

Nimezibonyeza kote, nimevuta mikanda, ziko salama. Wadogo wanalala nazo. Mkubwa nimemnunulia mpya, nimeanza kulipa kidogo kidogo dukani.

Kivukoni (Likoni)

Ami, jana nilipita kwa mzee mmoja huku Mtongwe aliyekuwa akiuza maji kwa baiskeli. Ameacha kuendesha, magoti. Ana tairi 2 za mamba ukutani, nimesoma mwenyewe ubavuni, 40-635. Moja ina ufa mdogo karibu na ukingo, nyengine nzima. Hataki kizibo, ataka tu ziende kwa mtu wa kazi. Navuka Ijumaa asubuhi. Nimwekee nani?

MwendaAlfajiri (Kizingo)

Kijana wa mikate ana vizibo 4 mfukoni tangu Jumapili ile. Tairi lake la nyuma limeonyesha nyuzi.

FundiMwarobaini (Bombolulu)

Lile zima liende nyuma, kwenye mzigo. Lenye ufa nilione kwanza kabla halijavaliwa na yeyote. Mwambie kijana apite kwangu Ijumaa akishamaliza mikate, aje na gurudumu likiwa limefunguliwa, na rimu nitaiangalia. Alikuwa anaisaga kwa chuma miezi 2.